Mwenzako Akikwama Mteremkoni, Usimfuate

Theluji ya kwanza ikishaanguka, swali hurudi lile lile kutoka kwa wasomaji wanaoishi Calgary, Edmonton, Denver na miji mingine iliyo jirani na milima ya Rocky. Wenzao wa kazini wamewaalika wikendi moja kwenda kuendesha pikipiki za theluji mlimani. Pikipiki ni ya kuazima, koti zito lipo, kofia ngumu itapatikana. Je, kuna hatari gani, na mtu afanye nini ili jioni arudi kwake?

Baridi ina hatari yake, na mwendo una wake. Lakini kinachoua waendeshaji wengi wa mlimani kwa mkupuo mmoja ni maporomoko ya theluji.

Tarehe 28 Desemba 2008, wanaume 11, wengi wao wakazi wa mji mdogo wa Sparwood huko British Columbia, walikuwa katika eneo la Harvey Pass karibu na Fernie. Poromoko likashuka na kuwafunika baadhi yao. Waliobaki juu wakafanya ambalo mtu yeyote mwenye utu angelifanya: wakakimbilia kuwachimbua wenzao. Wangali wanachimba, poromoko la pili likaja na kuwazoa wote. Waliotoka hai ni 3. Wanane walifariki, na wala hawakuwa wageni wa milima ile. Majira hayo ya baridi, waendeshaji 19 wa pikipiki za theluji walipoteza maisha katika jimbo hilo moja.

Mtu aliyelelewa kwa ushirikiano, asiyeweza kumwona jirani ana msiba akapita, atayaona baadhi ya mashauri haya kuwa magumu. Ndiyo maana ni vizuri kuyasoma angali sebuleni.

Nani hasa huliangusha poromoko

Msomaji wa Afrika Mashariki anayajua maporomoko. Anakumbuka tope la Hanang mwezi Desemba 2023, au Bududa nchini Uganda mwaka 2010. Huko mvua ililegeza mlima, na mlima ukawafuata watu majumbani mwao.

Theluji ni kisa kingine. Katika ajali zinazowapata watu wa michezo ya mlimani, takribani mara 9 kati ya 10 aliyeliangusha poromoko ni mwathirika mwenyewe au mtu wa kundi lake. Theluji hulala tabaka juu ya tabaka. Wakati mwingine tabaka gumu hulalia chembe zisizoshikana, mfano wa bati lililowekwa juu ya punje za mtama kwenye paa la mwinuko. Bati linaweza kutulia wiki nzima. Akipita mtu juu yake, punje zinabingirika, bamba zima linakatika na kushuka kwa kasi inayoweza kuzidi kilomita 100 kwa saa.

Pikipiki ya theluji na mwendeshaji wake huzidi kilo 300, na uzito huo hufika chini zaidi kuliko wa mtu anayeteleza kwa ski. Tena mashine hupita miteremko mingi kwa siku moja, miteremko ambayo mtembeaji angeifikia michache tu.

Kabla ya kutoka nyumbani

Maamuzi mengi yanayookoa maisha hufanyika jikoni, chai ikiwa mezani.

1. Soma utabiri wa maporomoko. Huu si utabiri wa hali ya hewa. Kanada hutolewa na Avalanche Canada, shirika lenye makao yake Revelstoke. Marekani kila eneo la milima lina kituo chake, na tovuti ya avalanche.org huonyesha vyote kwenye ramani moja.
2. Zielewe ngazi tano. Kijani ni hatari ndogo, njano ni ya wastani, machungwa ni kubwa kiasi, nyekundu ni kubwa, nyeusi ni ya kupindukia. Ngazi ya tatu ndiyo huwaponza watu. Wakiiona katikati ya tano hudhani ni hatari ya kawaida, kumbe katika ngazi hiyo mtu kuangusha poromoko ni jambo la kutarajiwa.
3. Angalia mwinuko. Utabiri hutenganisha sehemu ya juu isiyo na miti, ukanda miti inapoanza kukoma, na msituni chini yake. Siku moja inaweza kuwa nyekundu juu na njano chini.
4. Chagua njia kulingana na siku. Ngazi ikiwa ya tatu kwenda juu, mgeni abaki kwenye njia za msituni na mabonde mapana yasiyo na mteremko mkali juu yake.
5. Wajue mnaokwenda nao. Uliza wazi: nani amesoma kozi, nani ana vifaa vyote, nani amefanya mazoezi ya uokoaji msimu huu? Kundi linalokasirishwa na maswali hayo si la kwenda nalo.
6. Acha habari nyumbani. Mke, mume, kaka au jirani ajue jina la maegesho, njia mnayopita, namba ya gari, na saa ambayo mkiwa hamjapiga simu apige 911.

Vifaa vitatu, na vyote mwilini

Kila mtu, pamoja na mgeni aliyealikwa, awe na vitu hivi:

- Bikoni. Ni kijiredio kinachovaliwa kifuani chini ya koti. Kinapowashwa hutoa ishara muda wote, na wenzako wakigeuza vya kwao kwenye kutafuta, huongozwa hadi ulipofukiwa. Vyote hutumia masafa ya kilohezi 457, kwa hiyo chapa tofauti husikilizana.
- Ufito wa kutafutia. Ni wa aluminiamu au kaboni, hukunjuka hadi mita 2.4 au 3, na huchomwa kwenye theluji kumgusa aliyefunikwa. Bikoni hukufikisha karibu. Ufito ndio unaokuonyesha pa kuchimba.
- Koleo la chuma. La plastiki hupasuka, kwa kuwa theluji iliyoporomoka ikisimama hukaza kama zege.

Kosa la kwanza la wageni ni kufunga koleo na ufito kwenye mzigo wa pikipiki. Poromoko likija, mtu na mashine hutenganishwa. Aliyenusurika hubaki na mikono mitupu akijua koleo lake liko mita mbili chini ya ardhi nyeupe. Bikoni ikae mwilini, koleo na ufito vikae kwenye begi la mgongoni.

Kosa la pili ni simu. Simu, redio ya mawasiliano, glavu na fulana zenye umeme wa kupasha joto, vyote huvuruga bikoni. Viwe umbali wa sentimita 20 au zaidi bikoni ikiwa inatuma, na sentimita 50 ikiwa inatafuta.

Kifaa cha nne ni begi lenye mfuko wa hewa, ambalo ukivuta mpini hufura na kukusaidia kubaki juu ya theluji inayotiririka. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kati ya watu waliozolewa vibaya, mfuko uliofura ulishusha vifo kutoka 22 katika kila 100 hadi 11. Maana yake nusu ya ambao wangekufa wanaokolewa, na nusu nyingine hawaokolewi. Aliyevaa mfuko na kupanda mteremko ambao vinginevyo angeuacha, faida yote ameirudisha.

Dakika tano za maegesho

Kabla injini hazijawashwa, mtu mmoja atangulie mita kadhaa mbele, ageuze bikoni yake kwenye kutafuta, na wengine wapite mmoja mmoja kwa nafasi. Kila anayepita asikike. Kisha yeye mwenyewe akaguliwe. Baadhi ya maegesho yana bango la kielektroniki linalofanya kazi hiyo, lakini bango halijui kama una koleo.

Hapo hapo kagueni:

- betri za kila bikoni, kwa asilimia inayoonekana kwenye kioo;
- kama mpini wa mfuko wa hewa umetolewa mafichoni na uko tayari kuvutwa;
- kifaa cha mawasiliano kwa setilaiti kiko kwa nani, maana simu ya kawaida mara nyingi haina mtandao huko;
- nani ataongoza uokoaji, na nani atakuwa wa pili iwapo wa kwanza ndiye aliyefunikwa.

Asiyesikika kwenye ukaguzi hapandi. Abaki kwenye njia iliyosawazishwa, au wote wabaki naye.

Juu ya mlima: kanuni nne

Pima mteremko. Maporomoko mengi ya bamba huanzia kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45. Simu nyingi zina kipimo cha mwinamo, na programu za ramani hupaka rangi miteremko mikali. Lakini hata mahali ulipo pakiwa tambarare, inua macho: ulio juu yako unaweza kukuangukia, na unaweza kuuangusha ukiwa umesimama chini yake.

Mmoja mmoja. Mteremko wenye shaka apande au avuke mtu mmoja, wengine wote wakimtazama kutoka mahali salama. Akikumbwa, watajua alionekana wapi mara ya mwisho, na watakuwa hai kwenda kumtafuta.

Aliyekwama ajikwamue. Waendeshaji wa mlimani wana mchezo wa kushindana nani atafikisha alama ya mkanda wa pikipiki juu zaidi kabla ya kugeuka. Mtu hukosa nguvu, mashine inazama, anakwama katikati ya mteremko. Rafiki anaona, anavuta mafuta, anapanda kumsaidia. Sasa kuna mashine mbili, uzito mara mbili, na theluji iliyokwisha kukatwakatwa. Poromoko likija linachukua wawili, na waliobaki chini kuchimba wamepungua mmoja.

Aliyekwama atoe koleo lake, achimbe, aelekeze pikipiki chini, ashuke. Akishindwa, aiache mashine na kushuka kwa miguu akipita pembeni. Wenzake wakae walipo, macho kwake. Hilo ndilo la kumsaidia. Mkubaliane kabisa maegeshoni ili asiyefuatwa asione ametelekezwa.

Egesha mbali. Tarehe 13 Machi 2010, kwenye mlima Boulder karibu na Revelstoke, karibu watu 200 walikusanyika kutazama waendeshaji wakishindana kupanda. Tahadhari ya maporomoko ilikuwa imetolewa kwa wikendi ile. Theluji ilishuka hadi walipokuwa watazamaji. Watu 2 walikufa na wengine wapatao 30 wakaumia. Kuegesha, kula na kupiga picha kufanyike mahali ambapo poromoko haliwezi kufika hata likiwa kubwa. Pikipiki zipangwe bega kwa bega, zikitazama njia ya kutokea, ili kila moja iweze kuondoka bila kusubiri nyingine.

Dalili za kugeuza

Ukiona moja kati ya hizi, miteremko mikali ifutwe kwenye ratiba ya siku:

- poromoko jipya kwenye mteremko wowote wa jirani;
- nyufa zinazokimbia mbele ya pikipiki;
- mvumo mzito wa theluji kukaa chini ghafla, kama gunia lililodondoshwa chumba cha pili;
- theluji mpya ya sentimita 30 au zaidi ndani ya siku moja;
- upepo unaobeba theluji na kuilundika upande mmoja wa mgongo wa mlima;
- mvua, au joto linalopanda haraka baada ya siku za baridi kali.

Angalia pia panapokaa theluji ikishuka. Korongo jembamba hufanya poromoko dogo liwe kaburi refu, na miti na majabali huvunja mwili kabla pumzi haijakatika.

Mtu akifunikwa

Saa inahesabu. Utafiti wa Uswisi uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba waliofukuliwa ndani ya dakika 10 hutoka hai karibu 9 kati ya 10. Ikifika nusu saa, ni takribani 3 kati ya 10. Helikopta mara nyingi haiwezi kufika ndani ya muda huo, kwa hiyo mwokoaji ni aliye pale pale.

1. Simama, tazama juu. Je, kuna theluji nyingine inayoweza kushuka? Mtu mmoja awekwe kuwa mlinzi, na njia ya kukimbilia ijulikane. Huko Fernie waokoaji walichimba chini ya mteremko uliokuwa bado haujamaliza.
2. Hesabu watu. Jua wangapi hawaonekani na kila mmoja alionekana wapi mwisho.
3. Zima injini, geuza bikoni zote kwenye kutafuta. Bikoni moja ikisahauliwa kwenye kutuma, kundi zima litamfuata mtu aliyesimama.
4. Itisha msaada kwa setilaiti au redio ikiwa kuna mtu wa ziada. Mkiwa wawili tu na mmoja yuko chini, tafuta kwanza.
5. Fuata ishara. Namba zikipungua unakaribia. Zikifika mita 3, punguza mwendo, shusha bikoni hadi igusane na theluji, utafute namba ndogo kuliko zote.
6. Choma ufito wima na uso wa theluji, kwa mzunguko unaopanuka, nafasi ya sentimita 25. Ukigusa mwili, ufito usiung'oe.
7. Chimba kutoka chini ya mteremko, hatua kadhaa chini ya ufito, ukiingia kwa ubavu. Wengine wapange foleni nyuma yako wasukume theluji, na mbadilishane kila dakika.
8. Toa theluji mdomoni na puani mara uso unapofikiwa, kabla hata mwili haujatoka. Asiyepumua apewe pumzi papo hapo, kisha akandamizwe kifua.

Na aliye ndani ya poromoko lenyewe? Kama mashine bado ina nguvu, aielekeze pembeni atoke. Kama haina, avute mpini wa mfuko wa hewa, ajitenge na mashine, apigane kubaki juu. Theluji ikianza kupunguza mwendo, mikono iende mbele ya uso ili pabaki nafasi ya pumzi.

"Lakini..."

*"Wenyeji wamepita pale asubuhi, na hakuna kilichotokea."* Alama za mikanda hazithibitishi usalama. Wa kwanza hadi wa kumi wanaweza kupita kando ya sehemu dhaifu, wa kumi na moja akaikanyaga.

*"Basi tupite bila kelele."* Kelele za injini haziangushi maporomoko, uzito ndio huangusha. Anayenong'ona juu ya mteremko mbovu yumo hatarini sawa na anayepiga honi.

*"Mimi ni mgeni tu, kiongozi anajua."* Kiongozi akifunikwa, mgeni ndiye atakayechimba. Mwezi Januari 2016, karibu na McBride huko British Columbia, poromoko moja liliua waendeshaji 5 kutoka Alberta. Mlimani haijulikani nani atabaki juu.

*"Vifaa ni ghali."* Ni kweli, bikoni, ufito na koleo kwa pamoja ni mamia ya dola. Lakini maduka kadhaa ya miji ya milimani hukodisha kwa siku. Anayeweza kulipia mafuta na tiketi ya maegesho anaweza kulipia na hiyo.

*"Nitaonekana mwoga."* Huenda, hadi saa nane mchana. Mwenye aibu ya kusema "turudi" na ajipangie maneno mapema: mkubaliane kuwa mtu yeyote mmoja akikataa mteremko, kundi zima linauacha, bila kuulizwa sababu.

Pa kuanzia, na pa kumalizia msimu

Kanada kozi ya kwanza ya stadi za maporomoko huchukua siku mbili: moja darasani, moja mlimani. Zipo zinazofundishwa kwa ajili ya waendeshaji wa pikipiki za theluji, na hizo ndizo za kutafuta, maana kufundishwa pamoja na watu wa ski huacha nje mambo ya mashine. Marekani pia kuna kozi za ngazi ya kwanza kupitia vituo na walimu wa maeneo. Anayesitasita juu ya Kiingereza chake asiogope. Sehemu kubwa ni ya vitendo, na kutafuta bikoni iliyofichwa uwanjani hakuhitaji sarufi.

Baada ya kozi, mazoezi yafanyike nyumbani. Mmoja afukie bikoni ndani ya begi kwenye theluji ya bustani ya mtaani, mwingine aitafute kwa saa ya kupimia. Mara tatu kabla ya safari ya kwanza, na tena katikati ya msimu.

Msimu ukiisha, toa betri kwenye bikoni kabla ya kuitupia kabatini. Betri za alkali zikiachwa humo miezi ya joto huvuja na kula vyuma vya ndani, na Desemba kifaa kinaweza kuwaka taa yake vizuri huku ishara yake ikisikika kwa hatua chache tu.